Mkongwe Akilala Chali, Nani Anainuka?

Nilikuwa na miaka kumi siku Undertaker alipopigwa. Nasema "siku" lakini ukweli ni kwamba pambano lilikuwa limeshapita. Lilifanyika New Orleans, Marekani, tarehe 6 Aprili 2014, na sisi watoto wa Gerezani tuliliona baadaye, CD ilipofika kwenye kibanda umiza cha nyuma ya nyumba yetu, kiingilio shilingi mia mbili. Mwenye kibanda alikuwa anajua matokeo akakataa katakata kutuambia. Brock Lesnar akambeba mzee begani, akambwaga, akamlalia. Refa akapiga turubai mara tatu. Mapambano 21 ya WrestleMania bila kushindwa, yakaishia hapo.

Kibanda kizima kimya. Halafu kaka mmoja aliyekuwa akibeba mizigo Kariakoo akasimama, akasema kwa hasira, "Wanaigiza tu hawa," akatoka. Kulikuwa na mapambano mengine kwenye CD ile, na kiingilio alikuwa ameshalipa.

Ubishi wa "wanapigana kweli au wanaigiza" kila aliyekulia uswahilini anaujua. Mimi niliuacha zamani. Swali lililobaki kichwani ni lingine, na naona linatuhusu sana sisi tunaosomea ualimu: mkongwe akikubali kulala chali mbele ya kijana, kijana anainuka kweli? Au tunapoteza mzee bila kupata kijana?

Tuanze na namna mchezo wenyewe unavyofanya kazi, maana bila hapo hatutaelewana. Kwenye mieleka ya kulipwa kama ya WWE, mshindi hupangwa kabla. Maumivu ni ya kweli, mtu akianguka kutoka juu ya kamba anaanguka kweli, na wengi wamevunjika mifupa, lakini nani atanyanyuliwa mkono mwisho wa pambano ni uamuzi wa ofisini. Kwa hiyo kushindwa kwenye mieleka hakumaanishi udhaifu. Ni kazi, tena kazi ngumu. Anayeshindwa ndiye anayemfanya mshindi aonekane ana nguvu. Akianguka vibaya, akijivuta, akionyesha haumii, mshindi anaonekana kituko hata kama mkanda amepewa yeye.

Sasa ukilijua hilo, utaona kwamba mkongwe ana kitu ambacho kijana hana na hawezi kukinunua: imani ya watazamaji. Imani hiyo imejengwa kwa miaka ishirini. Siku mkongwe anapompa kijana ushindi, anachomkabidhi ni imani hiyo. Watazamaji wanasema, "Kama amempiga fulani, basi huyu si mtu wa mchezo." Ni kama mfanyabiashara mzee wa Mtaa wa Kongo anapomwambia mwenye mzigo, "Huyu mpe tu kwa mali kauli, namjua." Kijana anaondoka na marobota bila kutoa senti. Lakini dhamana ile inamgharimu mzee: kijana akiharibu, jina lililochafuka ni la mzee.

Ajabu ni kwamba kijana anaweza kuinuliwa hata akishindwa. Tarehe 27 Juni 2002, Kurt Angle, bingwa wa dhahabu wa Olimpiki ya 1996, alisimama ulingoni akimtaka yeyote ajitokeze. Akatokea kijana asiyejulikana anaitwa John Cena. Cena alipoteza pambano lile. Ila Angle alimwacha amsumbue, akaonyesha kushtuka, akamshinda kwa taabu. Baada ya pambano, nyuma ya jukwaa, Undertaker akampa Cena mkono. Ndani ya dakika chache wakongwe wawili walikuwa wameshawaambia watazamaji wamtazame huyu. Tunajua alikofika. Na yeye alipostaafu, tarehe 13 Desemba 2025 kule Washington, aliondoka kwa kugonga mkono kusalimu amri mbele ya Gunther, mtu mdogo kwake kwa miaka kumi. Wengine walikasirika. Mimi niliona analipa deni la 2002.

Hapo ndipo mambo yanapokwenda sawasawa. Lakini si mara zote.

Rudi kwenye pambano la Undertaker. Zawadi kubwa kuliko zote kwenye mchezo ule alipewa nani? Brock Lesnar, mwenye miaka 36, ambaye alishakuwa bingwa tangu mwaka 2002, mwenye jina dunia nzima, na ambaye hakuwa akifanya kazi kila wiki kama wenzake. Mwenye shibe akaongezwa sahani. Na jina lile alilolipata likatumika kufanya nini? Mwaka 2019 Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, baada ya miaka 11 ya kusota kwenye kampuni ile, aliuchukua mkanda wa WWE kwenye WrestleMania ya mwezi Aprili. Sisi huku tuliruka kama Taifa Stars imefuzu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akakutanishwa na Lesnar. Pambano halikufika hata sekunde kumi. Miezi sita ya heshima ilifutwa kabla mtu hajamaliza kufungua soda.

Mfano mwingine ni Goldberg. Mwezi Machi 2017, akiwa na miaka 50, alimchukulia Kevin Owens mkanda ndani ya sekunde 22. Mwezi Februari 2020, akiwa na miaka 53, alimpiga Bray Wyatt kule Saudi Arabia, kijana ambaye kampuni ilikuwa imemjenga kwa miezi mingi kama jinamizi lisiloshindika. Usiku mmoja tu, jinamizi likawa mtu wa kawaida.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Sababu ni pesa, wala si siri. Jina la zamani linauza tiketi leo. Jina la kijana litauza tiketi miaka mitano ijayo, kama likitunzwa. Mwenye duka Kariakoo anaujua mtihani huu: ukila faida, duka linabaki, ukila mtaji, utakula vizuri sana kwa mwezi mmoja. Kumrudisha mkongwe ili ampige kijana ni kula mtaji.

Hadi hapa nimezungumzia mchezo ambao mwisho wake umeandikwa. Kwenye ulingo wa ngumi, ambao Dar es Salaam tunaujua zaidi kuliko mieleka, hakuna anayetakiwa kuandika mwisho, na kumpokea mkongwe jina lake kuna bei nyingine kabisa.

Mfano ninaoukumbuka kila nikisikia mabondia wa zamani wanarudishwa ulingoni ni wa Muhammad Ali. Mwezi Februari 1980 Ali alitua hapa Dar es Salaam, akiwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zigomee Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania haikugoma. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Ali alikuwa na miaka 38, mwili umeshachoka. Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa akifanya naye mazoezi, ambaye sasa ndiye alikuwa bingwa. Baada ya raundi ya kumi kona ya Ali ikasimamisha pambano. Holmes alilia baada ya ushindi ule. Alikuwa amempiga mwalimu wake.

Na Holmes alipata nini? Hakuna aliyemwita mkubwa kwa kumpiga Ali yule. Watu walisema amempiga mzee, na wengine hawakumsamehe. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba Ali ana ugonjwa wa kutetemeka. Kwa hiyo mzee alipoteza afya, na kijana hakuvuna jina. Hasara pande zote, isipokuwa kwa waliouza tiketi.

Tofauti ya michezo hii miwili ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwanamieleka mwenye miaka 48 anaweza kumpa kijana ushindi wenye thamani kwa sababu kwenye hadithi bado ana nguvu, wameandika hivyo. Bondia mwenye miaka 38 aliyekwisha hana tena cha kutoa. Anayesimama pale ni jina bila mwenye jina. Kwa bondia chipukizi wa Manzese au Ilala, anayetafutiwa mkongwe aliyechoka ili rekodi ipendeze, ushindi huo ni noti ya bandia: inang'aa, ila ukiipeleka mbali inakataliwa. Hassan Mwakinyo wa Tanga hakuhitaji mkongwe. Tarehe 8 Septemba 2018 alikwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, kijana wa miaka 24 mwenye nguvu zake, akammaliza raundi ya pili. Jina lilikuja usiku uleule, na hakuna aliyelibishia.

Basi tuseme wazee hawana kazi? Hapana. Kuna njia ya tatu, na hii ina mizizi palepale Kariakoo.

Ukitaja DDC Kariakoo kwa mtu mwenye umri wa baba zetu, atakwambia habari za Sikinde kabla hujamaliza sentensi. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, na watani wake wa jadi ni Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikapita JUWATA na OTTU kabla ya kubaki na jina la Msondo Ngoma. Msondo na Sikinde ni utani wa Simba na Yanga uliotiwa magitaa. Wana mipambano yao ya ana kwa ana, mashabiki wao, na kejeli zao. Kwa maana hiyo ni mieleka kabisa: kila mtu anajua ni burudani na kila mtu anaumia timu yake ikizidiwa.

Lakini angalia kijana anavyoingia mle. Bendi ya dansi ina waimbaji kadhaa mbele. Anayeingia mpya huanza kwa kuitikia. Baadaye anapewa ubeti mmoja. Akiumudu, anapewa wimbo. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA tangu mwaka wa kwanza, aliimba na Hassan Rehani Bitchuka aliyeingia akiwa kijana miaka ya 1970, na wote wawili wakaja kuimba Mlimani Park. Sauti nzito ya mmoja na sauti ya juu ya mwenzake zilikaa ndani ya wimbo mmoja, na hakuna aliyehitaji kulala chali ili mwingine asikike. Msondo nako TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006, alijenga jina lake ndani ya nyumba iliyojengwa na waliomtangulia. Shabiki aliyekwenda kumsikia mzee alirudi nyumbani na jina la kijana. Imani ilihama usiku hadi usiku bila kelele.

Hapa mtu atanibishia, na ana haki: mbona bendi hizo leo watazamaji wake wengi ni watu wazima? Mbona kizazi chetu kimekimbilia kwingine? Ni kweli. Kuinuana ndani ya nyumba hakusaidii kama mlango wa nje umefungwa. Vijana wa Bongo Fleva hawakusubiri kupewa ubeti. Walijenga jukwaa lao, wakaleta watazamaji wao. Diamond Platnumz wa Tandale hakupandishwa na bendi ya dansi.

Ila hadithi ina mwendelezo. Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu muziki akiwa na umri unaozidi miaka 70. Mwaka huohuo Diamond akampa gari. Gurumo alifariki Aprili 2014, mwezi uleule nilioanza nao makala hii. Kuna waliosema Diamond anajitangaza. Inawezekana, na sioni ubaya. Mimi nililoliona ni kwamba mkondo unaweza kugeuka: kijana mwenye jina akampandisha mzee mbele ya watu wasiomjua. Watoto wa rika langu, ambao hatukuwahi kuingia dansini, tulianza kuuliza nyumbani, "Gurumo ni nani?" Baba yangu alifurahi kuulizwa kuliko nilivyotarajia.

Gari lile linatukumbusha pia jambo ambalo sisi vijana hupenda kulikwepa. Tunawaambia wazee "ng'atukeni" kana kwamba kila mtu ana pensheni. Bondia hana. Mwimbaji wa dansi hana. Mzee aliyepanga viatu kwenye meza yake Mtaa wa Msimbazi tangu kabla hatujazaliwa hang'ang'anii meza kwa roho mbaya. Asipoiweka asubuhi, jioni hali. Tukitaka wakongwe wawainue vijana kwa moyo mweupe, lazima kuwe na mahali pa kutua baada ya kushuka. Cena anaweza kugonga mkono na kutabasamu kwa sababu filamu zinamsubiri Hollywood.

Nikiyaweka pamoja, naona masharti matatu. La kwanza, mkongwe atoe wakati bado ana cha kutoa. Akingoja mpaka aishiwe, anamkabidhi kijana pochi tupu. La pili, ampe mwenye njaa. Zawadi ya Undertaker ingemjenga kijana mmoja kwa miaka kumi, akapewa aliyekuwa nayo tayari. La tatu, afanye hadharani. Sifa ya chumbani haihamishi imani. Angle alimwacha Cena amsumbue mbele ya watu, na Gurumo alisimama jukwaani pamoja na wenzake. Lazima watazamaji waone.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu ahangaike na haya? Kwa sababu mwaka jana nilikwenda TP, na somo hili nilifundishwa huko.

Nilipangiwa Hisabati, kidato cha pili, kwa mwalimu mmoja mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda. Mimi waliniona dogo tu aliyevaa tai. Wiki ya kwanza nikiuliza kitu, jibu lilikuwa kimya. Wiki ya pili nikaandika ubaoni kwamba kipeo cha pili cha x ni 49, tukatafuta x, nikaandika majibu mawili: 7 na hasi 7. Mkono ukapanda. "Mwalimu, sisi tuliandikiwa 7 peke yake." Darasa likaamka. Wote wakageuka kumwangalia mzee, aliyekuwa amekaa nyuma anasahihisha madaftari.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikitetea jibu langu, nimemvunjia heshima. Nikilimeza, nimefundisha uongo.

Mzee akasimama, akatoka mpaka mbele taratibu, akasoma ubao. Akasema, "Mwalimu wenu yuko sahihi. Hasi saba mara hasi saba ni ngapi? Si arobaini na tisa? Mimi niliwaandikia nusu ya jibu. Fungueni madaftari, sahihisheni ya kwangu." Akarudi kukaa.

Alisema "mwalimu wenu". Tangu siku ile mikono ilipanda. Wiki zilizobaki nilifundisha darasa lililoniamini, na sikuwa nimebadilika chochote. Vygotsky, tunayemsoma kwenye saikolojia ya elimu, anasema anachokiweza mtu leo kwa kusaidiwa, kesho atakiweza peke yake. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zangu, ila sikuwahi kuona msaada wenyewe unafananaje. Kumbe wakati mwingine unafanana na mtu mzima anayeomba wanafunzi wasahihishe kosa lake.

Siku ya kuaga nilimshukuru kwa mambo mengi, na hilo sikulitaja. Baadaye, kwenye daladala ya kurudi Kariakoo, ndipo nikapata wazo. Mwalimu wa Hisabati wa miaka zaidi ya thelathini anasahau hasi saba? Au mkono ule ulipopanda aliona nafasi, akaamua kulala chali?

Sikumuuliza, na nadhani sitamuuliza. Shikamoo yake namtumia kila mwisho wa mwezi, naye hujibu, "Marahaba mwalimu." Miaka miwili ijayo nitakuwa na darasa langu, na siku moja kijana wa TP atasimama mbele yake, tai imempinda, wanafunzi wananiangalia mimi. Natumaini siku hiyo nitakuwa bado na jina la kumpa.